Bustani ya masika inaanzia kwenye jua la kaskazi

Mheshimiwa Mhariri,

Assalaam alaykum. Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua nizungumze na wasomaji wenzangu wenye vibustani vya uani, Unguja na Pemba, juu ya jambo ambalo wakati wake ni huu huu wa jua kali. Tusingoje mvua inyeshe ndipo tukamate jembe. Kazi ya bustani ya masika, tena ile sehemu yake kubwa na ngumu, ni kazi ya Januari na Februari, wakati upepo wa kaskazi unavuma, ardhi imekauka mpaka inatoa vumbi na mtu hana hamu ya kutoka kivulini. Nina ombi pia kwa gazeti lako, nalo nitalieleza mwishoni.

Ninakaa Fuoni, na hali ya mtaani kwetu naamini haitofautiani sana na ya Chukwani, Bububu au Machomanne. Bustani nyingi hivi sasa zimeachiwa kuku. Mabua ya bamia yamesimama makavu, matuta yamebomoka, ndoo ya kumwagilia imegeuzwa kazi nyingine. Halafu mvua ya kwanza ya kupandia ikishuka katikati ya Machi, sote tunakimbilia dukani wiki ile ile kutafuta mbegu, tunalima udongo uliolowa chepechepe, tunapanda bila samadi kwa kuwa hatukuiandaa, na ndio kwanza tunasia mbegu za pilipili siku ambazo miche yake ilitakiwa iwe tayari kuhamishwa. Aprili mvua kubwa inapokuja, inaikuta miche ya majani mawili, inaisomba. Matokeo yake ni kwamba mtu mwenye ua wa kutosha kulisha watu sita mboga za majani anaendelea kununua fungu la mchicha barabarani, na tungule, vitunguu na karoti tunaendelea kuvisubiri kutoka Bara.

Hesabu yenyewe si ngumu, ila inahitaji kufanywa kwa kurudi nyuma. Masika yetu kwa kawaida huanza katikati ya Machi, hushika kasi Aprili na kumalizika mwishoni mwa Mei. Unguja hupata wastani wa kiasi cha milimita 1,600 za mvua kwa mwaka na Pemba kiasi cha 1,900, na sehemu kubwa ya maji hayo hushuka katika miezi hiyo. Mche wa pilipili hukaa kitaluni wiki 6 hadi 8 kabla ya kuhamishwa, na wa biringani wiki 5 au 6. Kwa hiyo anayetaka kuhamisha pilipili zake tarehe 15 Machi anatakiwa awe amesia mbegu kati ya tarehe 18 Januari na tarehe 1 Februari, wakati ambapo wengi wetu hata hatujafikiria bustani. Mashimo ya migomba na mipapai nayo yachimbwe mapema, sentimita 60 kwenda chini na 60 kwa upana, yajazwe samadi na udongo wa juu, yakae mwezi mzima yakitulia kabla ya kupokea mche.

Wazee wetu hawakuwa wageni wa hesabu za namna hii. Kuanzia Siku ya Mwaka, ambayo Makunduchi inaadhimishwa hadi leo kila Julai, waliuhesabu mwaka wa jua kwa miongo, kila mwongo siku kumi, na mkulima alijua yuko mwongo wa ngapi na unamdai kazi gani. Walihitaji hesabu hiyo kando ya kalenda ya Kiislamu kwa sababu mwaka wa mwezi ni mfupi kwa siku 10 au 11, na miezi yake haikai na majira. Nalitaja hili kwa sababu ya jambo la karibu sana: katika miaka hii Ramadhani inaangukia Februari na Machi, yaani juu ya siku zile zile za maandalizi ya mwisho. Kuchimba mashimo na kubeba samadi kwa mwenye kufunga, katika jua la Februari, ni kujitesa. Kazi nzito iwe imekwisha katika Rajabu na Shaabani, na mwezi mtukufu ubakiwe na umwagiliaji wa kitalu asubuhi na jioni, ambao hata mtoto anaweza kuusimamia.

Mdogo wangu anaishi Kanada, na yeye ndiye aliyenifanya nilitazame upya jua letu. Huko Januari ardhi huganda jembe lisiingie, na theluji hulala uani wiki baada ya wiki. Asiyejua atadhani mpenda bustani wa huko amelala. Kumbe ndio msimu wake wa kupanga. Huchora matuta yake kwenye daftari na kuandika kila tuta lilipandwa nini mwaka uliopita, huagiza mbegu mapema kabla hazijamalizika, kisha hutafuta tarehe ya baridi ya mwisho yenye kugandisha, ambayo katika miji mingi ya nchi ile huwa mwezi wa Mei, na kuhesabu kurudi nyuma. Mbegu za tungule huzisia ndani ya nyumba, dirishani na chini ya taa, wiki 6 hadi 8 kabla ya tarehe hiyo. Hesabu yake na ya pilipili zetu ni moja, ingawa yeye anaikimbia baridi na sisi tunaisubiri mvua. Tena baridi ile ile inamfanyia kazi: kitunguu thomu alichokipanda kabla ya theluji kinahitaji majuma ya baridi ili kigawanyike kuwa punje, na theluji nene inapofunika ardhi huzuia isigande kwa kina na kuua mizizi.

Hapo ndipo lilipo neno langu kubwa. Ikiwa wao baridi yao wanaitumia, kwa nini sisi jua la kaskazi tunalikimbia tu?

Jua hili lina kazi ambayo hakuna msimu mwingine unaoweza kuifanya. Ng'oa taratibu shina la bamia lililokufa uani kwako, ukung'ute udongo, uitazame mizizi. Katika mchanga wetu wa Fuoni na sehemu nyingi za magharibi ya Unguja, mara nyingi utaiona imejaa vifundo, vingine vidogo mfano wa punje ya mchele, vingine vimeungana vikawa uvimbe. Hiyo ni kazi ya minyoo fundo, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho, wanaoishi udongoni na kunyonya mizizi ya bamia, tungule, biringani na mboga nyingine nyingi. Mmea hudumaa, majani hupauka, mwenye bustani humwaga samadi zaidi na maji zaidi, na kitu hakibadiliki. Ukipanda tungule juu ya tuta hilo Machi, umewaandalia minyoo wale karamu.

Dawa mojawapo ni jua lenyewe. Tuta lisafishwe magugu na mizizi yote ya zamani, litifuliwe, lisawazishwe, kisha limwagiwe maji mpaka udongo ulowe kiasi cha sentimita 30 kwenda chini, kwa kuwa udongo wenye unyevu hupitisha joto vizuri zaidi kuliko mkavu. Juu yake itandikwe nailoni nyembamba inayopitisha mwanga, isiwe nyeusi, ikaze na kugusa udongo, na kingo zake zote zifukiwe ili joto lisitoroke. Iachwe hivyo wiki 4 hadi 6. Chini ya nailoni hiyo, udongo wa juu unaweza kupindukia nyuzi 45 mchana, joto ambalo minyoo, mbegu nyingi za magugu na baadhi ya ukungu wa magonjwa haviwezi kulistahimili siku baada ya siku. Sitaki kumdanganya mtu: chini zaidi joto hupungua, na minyoo iliyojificha huko itapanda tena. Kwa hiyo tuta hilo lisichimbuliwe kwa kina baada ya kufunuliwa, na lipandwe kwanza mboga za mizizi mifupi. Lakini mwanzo wa msimu, ambao ndio mche unapokuwa dhaifu, unakuwa umeupatia amani. Kazi hii haiwezekani Aprili mawingu yakiwa yametanda. Inawezekana sasa.

Kuna ugonjwa mwingine ambao ni vizuri tuutambue kabla ya kugawa matuta. Mche wa tungule au biringani ukinyauka ghafla ilhali majani bado ya kijani na udongo una maji, kata kipande cha shina karibu na ardhi, ukining'inize ndani ya glasi ya maji masafi bila kukitikisa. Baada ya dakika chache, ukiona nyuzi nyeupe za mfano wa maziwa zinashuka kutoka kwenye mkato, huo ni mnyauko wa bakteria. Bakteria hao hubaki udongoni kwa muda mrefu. Tuta hilo lisipandwe tungule, biringani, pilipili wala mbatata, maana yote haya ni ukoo mmoja. Lipewe mahindi au mchicha. Mtu aliyeandika kwenye daftari kilichotokea kila tuta mwaka jana ataweza kuamua hivyo. Asiyeandika atabahatisha.

Sasa mboji. Wengi tunarundika takataka za uani juu ya ardhi, na kiangazi rundo hilo hukauka, mabiwi yakabaki mabiwi mpaka yachomwe moto. Katika msimu huu mboji itengenezwe shimoni, ambamo unyevu hudumu, na ifunikwe makuti. Majani makavu ya mwembe, maganda ya ndizi na ya mboga, samadi ya ng'ombe au ya kuku na udongo kidogo vipangwe kwa tabaka, na maji ya kuoshea mchele yamwagwe humo badala ya kumwagwa njiani. Shimo lililojazwa mwanzoni mwa Januari na kugeuzwa mara kadhaa linaweza kutoa mboji ya kufaa kupandia mvua zinapoanza, kwa kuwa kazi hiyo huchukua miezi 2 au 3. Samadi ya kuku isitiwe mbichi kwenye mimea, kwani huunguza.

Hapa ni lazima niwatenge ndugu zetu wa maweni, wa Jambiani, Paje, Makunduchi na Nungwi, kwa sababu ushauri wa mchanga na wa kinongo, yaani udongo mwekundu wa kina, hauwafai wote. Udongo wa huko maweni ni mchache, uko juu ya mawe ya matumbawe, na tayari una chokaa nyingi. Kuuongezea majivu, kama tunavyoshauriana kila siku, ni kuzidisha chokaa hiyo, na mmea hushindwa kuyafikia madini ya chuma yaliyomo ardhini. Dalili yake haifichiki: majani machanga ya juu hugeuka manjano huku mishipa yake ikibaki kijani. Wao wajaze viroba, mabeseni yaliyotoboka na mashimo ya mawe kwa mboji nyingi, na majivu wayaache. Mwani unaotupwa ufukweni unafaa kuongezwa kwenye shimo, baada ya kusuuzwa chumvi.

Juu ya mbegu nina uchungu kidogo. Mwaka uliopita nilinunua mbegu za vitunguu katika duka moja la mjini, pakiti nzuri, na hazikuota. Mbegu ya kitunguu ni miongoni mwa zinazokufa mapema, mara nyingi haivuki mwaka mmoja au miwili, na pakiti iliyokaa juu ya kabati la kioo linalopigwa na jua la mchana hufa mapema zaidi. Watafiti wa mbegu wana kanuni ya makisio kwamba kila unyevu wa ndani ya mbegu unapopungua kwa asilimia 1, au joto la mahali inapowekwa linaposhuka kwa nyuzi 5, umri wake huongezeka kiasi cha mara mbili. Hewa ya visiwa vyetu ni ya joto na unyevu pamoja. Basi mbegu zilizokaushwa vizuri kivulini zitiwe kwenye chupa yenye kifuniko cha kubana, pamoja na mchele uliokaushwa sufuriani na kuachwa upoe, na chupa iwekwe mahali pa baridi kuliko pote nyumbani. Kabla ya kupanda, mbegu 20 zifungwe kwenye kitambaa kilicholowa kwa siku 7 hadi 10. Zikiota 14, hiyo ni asilimia 70, na mtu atajua asie kwa wingi kiasi gani. Zikiota 3, bado ana muda wa kutafuta nyingine, na muda huo ndio faida ya kujaribu sasa. Wanaotaka kujiwekea mbegu wenyewe wanunue aina za kawaida, mfano wa tungule za Tanya au Tengeru 97, wala si chotara, ambazo watoto wake hawafanani na mama.

Nimetaja tungule, na kuna haja ya kusema kwamba si kila kitu kipandwe na mvua ya kwanza. Bamia, kunde, mumunye na mchicha, sawa. Mchicha huvunwa ndani ya wiki 3 au 4, ilimradi tuta limeinuliwa ili mbegu zisisombwe. Tungule lakini haipendi usiku wa joto, kwani maua yake hupukutika bila kushika, na mvua za Aprili humletea ukungu wa majani. Tungule ya uani nzuri kwetu ni ya kipupwe: ipandwe kitaluni mwishoni mwa Aprili, ihamishwe mvua zikipungua mwishoni mwa Mei au mwanzoni mwa Juni, ivunwe Agosti. Na mahali pake papangwe kwa kukumbuka mwendo wa jua. Januari jua la adhuhuri liko upande wetu wa kusini, kwa hiyo tuta lililo kusini mwa ukuta linaonekana linapata mwanga tele. Juni jua limehamia upande wa kibla, yaani kaskazini, na ukuta wa mita 2 hutupa kivuli cha zaidi ya mita 1 juu ya tuta lile lile saa sita mchana. Tungule iliyopangiwa hapo kwa kutazama jua la leo itarefuka bure ikitafuta mwanga.

Maji nayataja kwa ufupi. Visima vya karibu na pwani huzidi chumvi kiangazi, na miche michanga haiistahimili, hivyo kitalu kiwe kidogo cha kuweza kumwagiliwa kwa maji mazuri, chini ya kivuli cha makuti, hata kama ni vifuu vilivyotobolewa na kupangwa kwenye ubao. Na mifereji ya bati isafishwe kabla ya Machi: paa la mita 50 za mraba likipata milimita 20 tu za mvua hupokea lita 1,000, na hata kama nyingine zitapotea, pipa litajaa.

Sasa ombi langu kwako, Mheshimiwa Mhariri. Marekani, nchi kubwa kiasi kile, wizara yao ya kilimo imeigawa kwa ramani katika kanda 13 kufuatana na wastani wa baridi kali kuliko zote ya kila mwaka ya kila mahali, wakaitoa upya mwaka 2023, na mwenye bustani wa nyumbani anajua kanda yake. Sisi ni visiwa viwili. Tunao watafiti wa kilimo pale Kizimbani, tunao mabwanashamba na mabibishamba wilayani, na Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa masika kila mwaka kabla ya msimu. Kinachokosekana ni mtu wa kuyakusanya hayo na kuyaweka mbele ya mama mwenye ua wa hatua kumi kwa kumi, ambaye utabiri anausikia redioni kwa lugha ya juu ya wastani na chini ya wastani, wala haelewi asie lini.

Naliomba gazeti litenge nafasi ndogo kila wiki, kuanzia sasa mpaka mwisho wa Mei, ya kalenda ya bustani ya nyumbani: wiki hii zipandwe kitaluni mbegu gani, ichimbwe nini, mche upi uhamishwe. Iwe na safu tatu, moja ya udongo wa kina wa Unguja, moja ya maweni na moja ya Pemba, ambako mvua ni nyingi zaidi na mabonde ni ya kinamo. Wataalamu waiandike, na masheha waombwe kuibandika kwenye ofisi zao kwa ajili ya wasionunua gazeti. Ikiwa nafasi haitoshi kwa safu zote tatu, basi ianzwe na safu ya maweni, kwa kuwa wenzetu wa huko ndio wanaopewa ushauri usiowafaa kuliko wote, na itoke kabla ya tarehe 18 Januari ili mbegu za pilipili ziwahi.

Wako,
Msomaji na mwenye bustani ya uani,
Fuoni, Unguja